Kasuku Aliyekaa kwa Bi Zuwena

Wiki iliyopita Nasra alinipigia simu kutoka Tanga kuniambia kwamba Tarishi amekufa. Nilikuwa sebuleni nachagua mchele, nikaweka sinia chini nimsikilize vizuri. Tarishi alikuwa kasuku, wale wa kijivu wenye mkia mwekundu, na alikuwa ameishi hata tukaacha kumhesabia miaka. Nasra, ambaye sasa ana wajukuu, alikuwa akilia, na sikumshangaa. Ndege yule ndiye aliyebaki na sauti ya mama yake, marehemu Bi Zuwena. Haikuwepo kwingine popote, kwani enzi hizo nani angefikiria kumrekodi mwanamke anayekaanga vitumbua? "Da Rukia," akaniambia, "leo nyumba imenyamaza kweli." Nikampa pole kama anavyopewa mfiwa, na sikuona haya. Mchele haukuchaguliwa tena siku ile. Nilikaa tu, mwanamke mstaafu mwenye mchana mzima mikononi, nikautamani mwaka mmoja ambao sikuwa na hata dakika tano zangu mwenyewe.

Ya nyumbani kwetu nayaruka. Yana sura yao, na leo sina hamu nayo. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimepata kazi ya kukata tiketi za boti za Dar es Salaam kwenye bandari ya kisiwani, pale Malindi, na nimepanga chumba cha juu katika nyumba moja ya zamani pale Kiponda. Chumba kilikuwa na dirisha refu la mbao lisilofunga sawasawa, kitanda, meza moja, na ukuta uliokuwa ukimwaga chokaa shukani kila jirani alipotwanga. Chini yangu alikaa Bi Zuwena, mjane, peke yake, katika chumba kilichonukia samli na karafuu, na pazia la maua mlangoni. Wanawe wote walikuwa bara, na Nasra, mdogo wao, alikuwa ameolewa Tanga. Ngazi zangu zilishukia mbele ya mlango wake, kwa hiyo sikuweza kutoka wala kuingia bila ya kupita kwake. Yeye alilijua hilo na lilimfurahisha.

Kasuku sikumtafuta. Baharia mmoja wa meli ya mizigo alikuja dirishani kwangu pale bandarini na kapu lililofunikwa khanga, akaniomba nimshikie mpaka kesho yake. Kesho yake meli iliondoka, na baharia naye. Wenzangu ofisini wakampa ndege jina la Tarishi, kwa sababu alikaa juu ya mafaili kutwa na hakuna aliyemwona akifanya kazi. Bwana Suleiman, msimamizi wetu, alimvumilia siku tatu. Siku ya nne Tarishi akaichana orodha ya abiria wa asubuhi, na Bwana Suleiman akaniambia taratibu, huku akiokota vipande, "Rukia, chagua. Ama yeye ama wewe." Nikanunua tundu la waya pale Darajani, nikampeleka Kiponda.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Nilikuwa natoka giza halijatawanyika na kurudi jua limekwishazama, na katikati yake Tarishi alibaki na kuta nne. Sikujua kwamba kasuku ni kiumbe wa watu, kwamba akikosa wa kusema naye huugua. Nilimwekea njugu, kipande cha papai na kioo cha kujitazamia, na kila nilipotoka niliiacha redio inasema. Baada ya wiki mbili nikaanza kukuta manyoya ya kijivu sakafuni. Alikuwa akijinyonyoa kifua. Jioni moja Bi Zuwena akaniita kutoka chini.

"Rukia."

"Naam, Bi."

"Huyo ndege wako analia kutwa. Nasema nae kutoka huku chini, lakini hanioni."

"Nimemwekea redio, Bi."

"Redio itamjibu?"

Nikamwambia mimi nnakwenda kazini, sijui nifanye nini.

"Kazini nenda. Ndege mlete hapa," akasema. "Mimi niko peke yangu huku, yeye yuko peke yake huko, na baina yetu ni dari tu. Upuuzi gani huo?"

Basi tukapanga hivyo. Kila alfajiri, Bi akishasali, nilishuka na tundu mkononi nikapiga hodi, naye akaniambia karibu, pita. Tarishi alitundikwa kwenye kulabu ya boriti juu ya jiko la mkaa, nami nikapewa chai ya tangawizi katika kikombe cha bati. Siku nyingine palikuwa na vitumbua, siku nyingine mkate wa boflo uliopakwa samli mpaka unateleza vidoleni. Mimi nilitaka kunywa nimesimama. "Kaa kitako, mwanangu," angesema. "Chai hainywewi wima." Nikimwambia nshachelewa, alisema boti haina miguu, itaningoja. Nikakaa. Ilikuwa dakika kumi, labda kumi na tano, na kila mmoja wetu watatu alikula alichokuwa nacho. Nimekula vyakula vya gharama katika hoteli za watu tangu siku zile, na sikumbuki hata kimoja kwa ladha.

Jioni nilivua viatu mlangoni nikapanda ngazi polepole, nijifanye sijafika, kwa sababu wakati huo Bi alikuwa akizungumza na Tarishi na mazungumzo yenyewe yalikuwa juu yangu. "Mwenzako kapungua," nilimsikia siku moja akimwambia. "Umemwona shingo? Anakula kama anayefukuzwa. Tutamwoza nani, Tarishi? Mume atamkuta wapi? Itabidi akate tiketi akamwone dirishani." Niliziba mdomo kwa ncha ya mtandio nisicheke. Sijapata tena mtu wa kunisengenya kwa mapenzi namna ile. Niliolewa baadaye, nikazaa, nikazungukwa na watu, lakini kuna usiku nalala nikatamani kusikia mtu chini ya sakafu akilalamika kwamba nimekonda.

Sasa nifike kwenye takbira. Kwetu, mtu anayesali akisikia hodi hawezi kujibu, kwa hiyo huinua sauti kidogo anaposema Allahu akbar. Aliyepo nje huelewa. Hukaa barazani akangoja, au huenda zake akarudi baadaye. Bi Zuwena alikuwa mtu wa sala na wageni hawakumwishia, hivyo Tarishi aliisikia hodi ikifuatwa na takbira mara nyingi kila siku. Mwezi haukwisha akaanza kuijibu hodi mwenyewe, kwa sauti ya Bi hasa, na mkwaruzo wake, na vile alivyoivuta kidogo mwishoni. Siku ya kwanza Bi alikuwa mbele yangu anakuna nazi. Bi Tatu, jirani wa mlango wa pili, akapiga hodi. Takbira ikatoka tunduni, na Bi Tatu tukamsikia anaondoka zake na bakuli lake la mchuzi. Tulicheka mpaka mbuzi ya nazi ikapinduka. Kisha Bi akaacha kucheka, akanishika mkono.

"Usimwambie mtu," akasema. "Watasema namfundisha ndege kuchezea sala."

Nikamwapia. Tangu hapo tukawa na alama yetu sisi wawili. Anayesali husema takbira tena akirukuu, na tena akisujudu. Tarishi aliisema moja tu, kisha akarudi kwenye njugu zake. Kwa hiyo nikipiga hodi nikasikia takbira, nilingoja kidogo. Ikija ya pili, ni Bi. Isipokuja, naingia.

Katikati ya mwaka ikaongezwa boti ya mchana, na Bwana Suleiman akanikabidhi orodha za abiria wa boti zote mbili. Nilijiona mkubwa. Nikajinunulia saa ya mkononi na nikawa naitazama hata pasipo haja. Zamu yangu ikawa inaanza mapema zaidi, ikawa sina budi kutoka wakati wa adhana ya alfajiri, na tundu sikuwa tena na wakati wa kulipandisha na kulishusha, hivyo Tarishi akawa analala kwa Bi moja kwa moja. Chai ikawa ya mlangoni. Baadaye ikawa vitumbua viwili ndani ya karatasi. Mwisho ikawa maneno tu kupitia pazia: hodi, Bi, shikamoo, nnakwenda, marahaba, mwanangu, ule huko. Alijaribu kunikamata. "Hebu njoo uone," aliniambia asubuhi moja, "kaota manyoya kifuani." Nikamwambia jioni, Bi. Jioni nilirudi nimechoka nikapita. Manyoya yale niliyaona baada ya wiki mbili, na yalikuwa mazuri, laini, ya rangi ya jivu jipya. Nikijiuliza leo nilikuwa naharakia nini, sipati jibu lenye uzito wa kikombe kimoja cha chai.

Ilikuwa siku ya tatu baada ya Idi. Watu wa bara walikuwa wanarudi makwao, na nilijua foleni itakuwa imefika langoni kabla sijafungua dirisha. Nilishuka ngazi mbio, kiatu kimoja hakijafungwa. Nikapiga hodi. Takbira ikajibu. Ndio wakati wa alfajiri, wakati ambao Bi alikuwa akisali hasa. Nilisimama, na hapa nataka niseme kama ilivyokuwa: nilisimama nimeweka mkono ukutani, nikaingoja ya pili kwa muda wa pumzi moja, labda mbili. Nikaitazama saa yangu. Nikajiambia bado anasoma Fatiha, atarukuu sasa hivi. Kisha nikaondoka. Baina yangu na yeye palikuwa na pazia tu.

Saa tisa mchana mtu alikuja kuniita dirishani. Bi Tatu alikuwa amepiga hodi asubuhi, jua limekwishapanda, akajibiwa takbira, akadhani Bi anasali dhuha. Adhuhuri akarudi, akajibiwa vile vile. Mara ya tatu akaona aingie tu, akae ndani amngoje, maana jua la barazani lilikuwa kali. Akamkuta chini, baina ya kitanda na mswala, macho wazi. Nilipofika nyumbani walikuwa wamekwishamchukua hospitali na chumba kimebaki na Bi Tatu analia. Taa ya alfajiri bado ilikuwa inawaka. Karibu na mlango lilisimama birika la udhu, limejaa mpaka shingoni. Nililitazama birika lile nikaelewa. Aliamka, akafungua komeo kama kawaida yake, akajaza maji, akaanguka kabla hajatawadha. Asiyetawadha hakusali. Niliposimama mlangoni asubuhi ile alikuwa sakafuni, hatua nne kutoka nilipo.

"Mimi namsikia anasali, nnaondoka," Bi Tatu alikuwa akisema. "Ningejuaje, Rukia?"

Nikamwambia asingeweza kujua. Hilo lilikuwa kweli. Sikumwambia nani aliyeweza.

Ilikuwa kiharusi. Daktari alisema angefikishwa mapema ingesaidia. Alilisema kwa upole, bila ya kumlenga mtu, nami nikaviangalia viatu vyangu. Wiki tatu baadaye Bi alirudi Kiponda bila ya upande wa kulia na bila ya ulimi. Macho yalikuwa yale yale, masikio yale yale, lakini neno halikutoka. Wakati huo Tarishi nilikuwa nimempandisha chumbani kwangu na tundu nimelifunika shuka. Nilimchukia. Nilimchukia ndege kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujitazama, na yeye kule ndani ya shuka akarudia kujinyonyoa. Bi naye alikuwa akiitazama kulabu ya boriti. Bi Tatu alimletea maji, akamgeuza upande wa kibla, akampepea, na kila mara macho yalirudi pale pale juu. Mimi nilijua anataka nini. Nilijifanya sijui kwa siku tatu nzima, kisha nikashindwa, nikamshusha. Bi akanyoosha mkono wa kushoto mpaka kwenye waya, Tarishi akainamisha kichwa akunwe, na wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Tangu hapo nilimwogesha na kumlisha kabla ya kazi na baada ya kazi, na mchana Bi Tatu alikaa naye. Wageni wa kumtazama mgonjwa walipopiga hodi, takbira iliwajibu kama zamani, na mimi moyo ulinikatika kila mara. Siku moja nikamwona Bi anatikisika kitandani nikadhani analia. Nilipoinama nikakuta anacheka, nusu ya uso inacheka, macho yako kwa Tarishi.

Nasra alikuja kumchukua mwezi uliofuata. Nilimkuta barazani nilipotoka kazini, Bi Tatu amekwenda kwake kupika, naye amekaa begi miguuni, ametulia, uso umemng'aa. "Nimepiga hodi," akaniambia, "nimemsikia anasali. Kumbe kapata nafuu, sauti imerudi. Nnamngoja amalize." Ikabidi nimwambie kwamba ile sauti ni ya kasuku. Sijawahi kumwona mtu akizeeka mbele ya macho yangu kama nilivyomwona Nasra pale barazani. Siku mbili baadaye, mizigo inafungwa, aliniuliza kwa haya kama anaweza kuondoka na Tarishi. Alijua ni wangu, akasema, na nikikataa ataelewa. Nilimwambia amchukue. Nilikwenda juu nikalia kwa ajili ya ndege, na kwa ajili ya chumba cha chini, na kwa ajili ya yale niliyokuwa bado sijayasema.

Bi Zuwena hakumaliza mwaka kule Tanga. Nilifika siku ya pili ya matanga, nikakaa nyuma na wanawake nisiowajua. Miaka iliyofuata, kila Nasra aliponipigia simu aliniuliza, "Nikusogezee Tarishi umsikie?" Na kila mara nilikuwa na sababu: nimeacha chungu motoni, kuna mgeni, simu inataka kuzima. Niliogopa kuisikia ile takbira, kwa sababu najua ningeanza tena kuingoja ya pili. Sasa hakuna tena wa kunisogezea simu. Namtamani, nawatamani wote wawili, na hamu hii haina mahali pa kuipeleka ila kwenye asubuhi ya mwisho, ambayo naikumbuka kuliko harusi yangu.

Wao walikuwa waondoke na boti ya mchana. Mimi nilitakiwa dirishani kwa ajili ya ile ya saa moja, lakini nilikuwa nimempikia Bi uji wa mchele wa nazi na nilitaka nimlishe mwenyewe. Kwetu wanaoagana huombana radhi, na aghalabu husemwa haraka, tuwiane radhi, bila ya mtu kutaja kosa. Bi Tatu alikwishafanya hivyo jana yake. Mimi nilipiga magoti kando ya kitanda, bakuli mkononi, nikalitaja. Nilimwambia kwamba nilikuja asubuhi ile. Nikamwambia nilisikia takbira moja.

Nasra, aliyekuwa anakaza furushi nyuma yangu, akasimamisha mikono. "Moja tu?" akauliza. "Ukaondoka?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua kuwa ndege anafanya hivyo."

"Nilikuwa najua. Mimi peke yangu."

Nikamsikia Nasra anaketi juu ya furushi. Sikuthubutu kugeuka. Nilimtazama Bi. Midomo yake ilifanya kazi muda mrefu, shingo imekaza, na hakikutoka chochote. Nilikuwa tayari kwa neno lolote, hata la kunilaani, na yeye hakuwa nalo la kunipa. Kisha akautoa mkono wa kushoto chini ya khanga. Tangu augue alikuwa akiuficha wakati wa chakula, anauonea haya, hakubali kula kwa mkono huo wala kumpa mtu kitu, akaona afadhali alishwe. Akaninyang'anya kijiko. Akakichovya bakulini, nusu ya uji ikamwagika shukani, akarudia, akakiinua kinatetemeka, na badala ya kukipeleka kwake akakileta mdomoni mwangu. Nje mtu wa ofisini alikuwa amefika, ananiita jina kutoka kichochoroni, mara ya kwanza, mara ya pili. Nikafungua kinywa nikameza, Bi akachota tena, na sikumwitikia yule mtu mpaka bakuli likaisha.